Nyimbo za Kiingereza na Maneno Yake Yenye Sura Mbili

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa ukoo, Stockholm



 Nawashukuru akina mama walioamka usiku kutayarisha chakula ambacho harufu yake imeanza kushindana na hotuba yangu.

Katibu aliponiomba nizungumze nilitazamia kupewa mada ya mirathi, ya ada za uanachama, au ya zamu za kuwatembelea wagonjwa, yaani mambo ambayo mtu aliyezeeka katika utumishi wa umma hudhaniwa kuyajua. Badala yake nimepewa nyimbo. Alinieleza kwamba vijana wameuliza, na wazee wamenung'unika, kuhusu nyimbo za Kiingereza zinazopigwa katika arusi zetu na katika misiba yetu: zina maana gani hasa, na nani mwenye haki ya kutamka kwamba maana ni hii wala si ile. Jambo hili lilikwisha kumliza mtu mmoja katika ukoo huu, na nitalifikia. Kwa hiyo sikuiona mada hii kuwa ya mchezo.

Nilianza kazi katika masjala ya wizara moja, Dar es Salaam, mwaka 1979. Agizo la kutumia Kiswahili katika shughuli za serikali lilikuwa limetolewa Januari 1967 na Mheshimiwa Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais. Lakini majalada yaliyokuwa mezani petu yalikuwa bado na Kiingereza kingi, na sisi makarani tulipewa nyaraka tuzitafsiri. Huko ndiko nilikojifunza kwamba Kiingereza si kimoja. Kipo kitenzi cha vikao, "to table". Mwingereza akikitumia ana maana ya kuileta hoja mezani ijadiliwe. Mmarekani akikitumia ana maana ya kuiweka hoja kando isijadiliwe. Neno ni lile lile, meza ni ile ile, ila mmoja anaufungua mjadala na mwenzake anaufunga. Karani aliyeletewa waraka wa namna hiyo hakuwa na budi kuuliza kwanza: ni nani aliyeuandika, na anatoka wapi? Ni swali dogo, nami nitalibeba katika nyimbo zote nitakazozitaja leo.

Nianze na mji huu tunamoishi. Vijana wanajua kuliko mimi kwamba nyimbo nyingi za Kiingereza zilizovuma duniani mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitungwa hapa hapa Stockholm, katika kisiwa cha Kungsholmen, kwenye studio iliyoitwa Cheiron. Ilianzishwa mwaka 1992 na Dag Volle, aliyejulikana kwa jina la Denniz Pop, pamoja na Tom Talomaa. Denniz Pop alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35 tu, na mwaka 2000 studio ikafungwa milango. Mmoja wa vijana aliowalea kikazi ni Max Martin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Martin Sandberg. Watu hawa walikuwa Waswidi. Kiingereza walikipata shuleni, redioni na kwenye filamu, kama sisi tulivyokipata kwa mwalimu na kwa Jim Reeves.

Mwaka 1998 studio hiyo ilimrekodi binti wa Kimarekani, Britney Spears, katika wimbo uitwao "...Baby One More Time". Tazameni zile nukta tatu zilizotangulia jina. Ndani ya kiitikio, mahali penye nukta pana kitenzi cha Kiingereza "hit", yaani kupiga, na anayetaka kupigwa ni msichana mwenyewe. Wimbo ulikuwa umepelekwa kwanza kwa kundi la wanawake la TLC la Marekani, nalo likaukataa, maana halikutaka kutamka jambo hilo. Wenye kampuni ya rekodi nao waliingiwa na hofu kwamba watu wangeudhania unasifu kipigo nyumbani, wakaliondoa neno katika jina na kuziacha nukta.

Basi imeelezwa mara nyingi kwamba watunzi hawakufikiria kipigo hata kidogo. Walidhani kwamba kwa Kiingereza cha vijana wa Marekani neno lile lina maana ya kupiga simu. Mtu anaweza kucheka, mimi sikucheka. Kiswidi kina msemo wa simu, "slå en signal", na kitenzi chake cha kwanza ni kupiga. Na sisi je? Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia. Msichana wa Kiswahili akimwambia mchumba wake "nipigie" anangoja simu. Akipunguza irabu moja akasema "nipige", majirani watakuja mbio. Umbali kati ya mapenzi na polisi ni irabu moja. Mswidi aliyeandika wimbo ule aliteleza katika nafasi hiyo hiyo, na nadhani Mswahili humwelewa upesi kuliko Mmarekani.

Hata hivyo naona TLC walikuwa na haki. Wimbo ukishatoka studio, mtunzi hatembei nao nyumba kwa nyumba akieleza alichokusudia. Kuna nyumba ambamo neno la kupigwa si mzaha, na sisi wenyewe katika ukoo huu tumewahi kwenda usiku kumchukua mtoto wetu katika nyumba ya namna hiyo. Kijana anayesema "ni wimbo tu, babu" akumbuke kwamba msikilizaji aliyeketi karibu naye huenda anasikia neno lile kwa ngozi yake.

Kwa watunzi hao hao wa Cheiron kuna mfano wa pili, nao ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1999 kundi la Backstreet Boys lilitoa "I Want It That Way", uliotungwa na Max Martin na Andreas Carlsson. Mjukuu wangu mmoja alinijia na karatasi akitaka nimfasirie maneno mawili tu ya mwisho wa jina hilo: "namna hiyo" ni namna ipi? Tulikaa mezani saa nzima. Anayeimba mara anaitaka namna hiyo, mara anamsihi mwenzake asiitaje kamwe, na hakuna mahali alipotuonyesha hiyo namna yenyewe. Kwa sarufi ya Kiswahili tungesema "hiyo" imepotewa na nomino yake. Wakubwa wa kampuni waliliona tatizo, na maneno mengine yenye maana iliyonyooka yaliandikwa na kurekodiwa. Waimbaji waliyapima yote mawili wakachagua yale yasiyoeleweka, kwa sababu yalilalia vizuri juu ya sauti. Dunia nzima ikaimba. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba si kila kifungo kina tundu lake, na kwamba mfasiri mwaminifu anaruhusiwa kuandika: hapa hapana maana moja. Hakuridhika. Alitaka jibu la mtihani.

Niwaguse ABBA kwa haraka, maana mtanilaumu nikiwaruka wakati makumbusho yao yako Djurgården, safari fupi kutoka hapa. Wimbo wa "Fernando" uliimbwa kwanza kwa Kiswidi na Anni-Frid Lyngstad mwaka 1975, na humo Fernando ni mtu anayefarijiwa kwa kupoteza mapenzi. Ulipotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, Fernando akageuka askari wa zamani anayekumbushwa vita na mwenzake. Muziki ule ule, jina lile lile, habari mbili zisizojuana. Kwa hiyo mzee wa Kiswidi na mzee wa Kitanzania wanaweza kuuimba pamoja kwenye karamu, kila mmoja akilia kilio chake, na wote wawili wakawa sahihi.

Sasa naingia katika wimbo uliotuletea utata. Ni "No Woman, No Cry" wa Bob Marley. Ulitoka katika albamu ya Natty Dread mwaka 1974, na ukavuma zaidi ulipopigwa mbele ya watu katika ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. Utunzi wake uliandikishwa kwa jina la Vincent Ford, rafiki wa Marley wa Trench Town, mtaa wa maskini mjini Kingston.

Katika ujana wangu Dar es Salaam nilisikia tafsiri moja tu ya jina hilo: pasipo mwanamke, hapana kilio. Nimeyaona maneno hayo yamepakwa rangi nyuma ya daladala. Nimeyasikia kwa makapera waliojisifu kwamba hawataoa, na kwa waliooa wakajuta. Tafsiri hiyo ina asili yake, wala hatuwezi kuwaita wenye nayo wajinga. Kiingereza cha vibao hutumia muundo huo kila mahali: hakuna tiketi, hakuna kuingia. Mtu aliyezoea kusoma vibao hivyo mlangoni mwa sinema na stesheni atausoma wimbo kama kibao.

Lakini Marley hakuandika kibao, na Kiingereza chake cha nyumbani hakikuwa cha mlangoni mwa sinema. Alisema lugha ya Jamaika, Kipatwa, ambamo sauti "no" au "nuh" ikitangulia kitenzi hukifanya kiwe katazo, sawasawa na "usi-" yetu. Kwa hiyo sehemu ya pili ya jina haisemi "hakuna kilio", inasema "usilie". Na neno la kwanza ni "la" la kumtuliza mtu. Tukilitia jina hilo katika Kiswahili tutapata: La, mama, usilie. Alama ya mkato iliyokaa katikati haitoshi kumwonyesha msomaji jambo hilo, na kwa sikio la mgeni ni rahisi kupotea.

Hata asiyejua Kipatwa angeweza kufika. Aulize swali letu la masjala: nani anasema, na anamwambia nani? Ni mwanamume anayesema na mwanamke uso kwa uso. Anamkumbusha walivyokaa pamoja katika ua wa nyumba za serikali, rafiki waliowapata na waliowapoteza, moto uliokokwa usiku na uji wa mahindi waliogawana. Anamwambia kwamba yeye hana budi kuondoka, na kwamba mambo yatatengemaa. Mtu aliyewahi kupanga chumba Magomeni au Kariakoo, wapangaji sita na ua mmoja na bomba moja, anaujua ua ule bila kufika Jamaika. Katika mazungumzo kama hayo tusi kwa wanawake litaingilia mlango gani?

Nilisema kwamba jambo hili lilimliza mtu, naye ameniruhusu nilieleze. Mwaka juzi tulimzika ndugu yetu mmoja. Mjane wake aliomba wimbo huo upigwe siku ya kumbukumbu, wakati wa chakula, kwa sababu marehemu alikuwa akimwimbia tangu walipokuwa na chumba kimoja, mtoto mmoja na koti moja la baridi la kupokezana. Wenye kuandaa shughuli waliukata katika orodha. Walisema kwa nia njema kwamba haiwezekani kumpigia mjane wimbo unaotangaza kwamba bila mwanamke kusingekuwa na kilio, wageni wangetuonaje? Mjane hakubishana. Alikwenda jikoni akaosha vyombo ambavyo havikuwa vyake kuosha. Mjukuu wake wa miaka kumi na sita alisimama akasema kwamba maana siyo hiyo. Akaambiwa aketi, watoto hawawafundishi wakubwa Kiingereza.

Kwa heshima zote kwa walioandaa, mtoto alikuwa sahihi. Alikuwa amejifunza kwa rafiki yake wa shule ambaye wazazi wake wanatoka Jamaika, yaani alikwenda kisimani kabisa, wakati sisi tulisimama kwenye kumbukumbu zetu za daladala. Nami naomba jambo hili lisichukuliwe kwamba wazee wamevunjiwa heshima. Umri wangu unanipa haki ya kuamkiwa shikamoo. Kipatwa haunipi. Tulipokuwa nyumbani, mtoto aliyerudi kutoka bwenini aliitwa awasomee wazee barua ya Kiingereza, na hakuna aliyeona kwamba amewapita kimo. Aliketi mkekani, akasoma, akapewa chai. Tulichokosa mwaka juzi ni mkeka ule.

Nimezungumza na Katibu na Mwenyekiti, na wote wamekubali: kesho asubuhi, kabla ya kuyataja majina ya marehemu wetu, wimbo huo utapigwa wote, na kijana huyo ndiye atakayetangulia kuueleza kwa Kiswahili. Amenionyesha maneno aliyoandika. Nilimsahihishia ngeli mbili tu.

Yapo mambo ya arusi ambayo si mepesi hivyo. "I Will Always Love You" umepigwa katika arusi zetu nne ninazozikumbuka, kwa sauti ya Whitney Houston ya mwaka 1992. Aliyeutunga ni Dolly Parton, na alipoutoa mwaka 1974 ulikuwa wimbo wa kuaga: alikuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, aliyekuwa naye katika kipindi chake cha televisheni tangu mwaka 1967. Anayeimba anaondoka. Anamtakia mwenzake heri na kushika njia. Shangazi mmoja mwenye Kiingereza chake kizuri aliniuliza kwa hasira, je, tunawafunga hawa au tunawafungua?

Hapa sikubaliani naye moja kwa moja, na sababu yangu ni ya pwani. Katika taarab, tangu enzi za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, msikilizaji naye ana sehemu yake. Mshairi hufumba. Mwimbaji huimba. Kisha mwanamke huinuka kitini, akacheza polepole hadi jukwaani, akatunza noti yake penye ubeti ule hasa anaoutaka, huku jicho lake limemwelekea fulani. Ubeti uliotungwa kwa ajili ya ua waridi usiku huo unakuwa wa jirani aliyemwibia mume. Hakuna anayemwambia kwamba ameufasiri vibaya. Ameutumia, na ukumbi mzima umeelewa. Tumeishi na kanga namna hiyo hiyo: jina lililochapwa ni moja, lakini maana yake inategemea umeivaa siku gani na umepita mbele ya mlango wa nani.

Basi bibi arusi akijua kwamba wimbo ni wa kuagana, na bado akautaka kwa ajili ya maneno ya mapenzi ya daima, huyo ametunza ubeti wake, tumwachie. Pengine anamwaga mama yake, maana siku hiyo anatoka kwao. Asiyejua aambiwe mapema, tena kwa upole, wala si katikati ya ukumbi keki ikikatwa. Mimi binafsi nisingeupiga maharusi wakiingia. Wakitoka, sawa.

Na tusiwacheke Wazungu kwa hilo wakati sisi wenyewe tuna "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi, wengine husema mtunzi wa asili ni Adam Salim. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautia katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakautoa mwaka 1981. Kwetu hapa arusi haiishi bila huo. Lakini mwanamume wa wimbo ule haoi! Hana mali, ameshindwa, anamtazama mpenzi wake kwa mbali. Tunamwimbia bwana arusi aliyeketi na suti yake mpya kilio cha mtu aliyekosa mahari.

Tena ndani ya wimbo huo lipo neno moja ambalo vijana wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya mama katika shule za hapa waliniletea, nami nimeshindwa kulimaliza. Kwanza waliuliza kama "kidege" ni eropleni ndogo, na hilo lilikwisha kwa kicheko. Lakini mmoja akalishika neno "hukuwaza", akaliandika ubaoni na kulikata mara mbili. Mkato wa kwanza: "hu-" ya mazoea, "ku-" ya wewe unayewazwa, yaani mimi kila siku nakufikiria. Mkato wa pili: "hu-" ya kukanusha, "ku-" ya wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri. Herufi ni zile zile, mkazo wa sauti ni ule ule. Kwa mkato wa kwanza ni mapenzi, kwa wa pili ni lawama. Wako wanaoimba "nakuwaza" ili kuikimbia shida hiyo, na hapo lawama yote hupotea.

Mwalimu wao anashikilia mkato wa kwanza. Mimi naegemea huko pia, kwa kuwa aliyekosa mali hana uso wa kumlaumu binti, lakini mke wangu anasema mwanamume aliyekosa mali ndiye hasa anayelaumu. Humu ndani mna wazee waliozaliwa Tanga, Mombasa na Unguja, na wengine waliucheza wimbo huo ungali mpya. Nitaketi meza ya pili karibu na birika la chai, na yule mtoto aliyelikata neno atakuwa pamoja nami na daftari lake. Njooni mtuambie mlivyokuwa mkilisikia.